Sahani Zenye Alama Chini

Nimetundika mwiko. Magoti yamekataa kuinama mbele ya moto, na daktari naye ameamua kuwa upande wa magoti. Ninyi mnaobaki jikoni, Hadija na wenzako, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kupika harusi hapa Bujumbura, ili maharusi na wageni wao wakiwasumbua muwe na kitu cha kuwasomea. Nitaandika. Ila kuna jambo moja ambalo nilitaka kuliruka, na Hadija analijua nusu tu. Nimejaribu kuandika mara mbili bila hilo, na mara zote mbili nimeona haya kusoma nilichoandika.

Nilianza kwa Bi Mwajuma, pale Buyenzi, nikiwa mke mpya ambaye hata ugali wa watu wawili ulinitoa jasho. Bi Mwajuma alikuwa mpishi wa harusi wa mtaa mzima. Alikuwa mwembamba, jambo ambalo wateja wapya hawakulipenda, maana watu humwamini mpishi mnene. Siku ya kwanza alinipa ungo na gunia la mchele, akasema, "Chambua." Nilichambua mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya pili, ungo na gunia. Siku ya tatu nikamuuliza nitapika lini. Akanijibu, "Mgeni akiuma jiwe kwenye harusi hasahau. Bibi harusi atamsahau, jiwe hatalisahau." Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa mawe.

Aliponikaribisha motoni nikafanya kosa wanalofanya wote: nilifunua sufuria nione pilau imefika wapi. Alinipiga vidole kwa mwiko. "Sufuria si dirisha!" Kisha akanifundisha kusikiliza. Maji yakiwa mengi, pilau inachemka kwa sauti nzito. Yakipungua, inanong'ona. Ukianza kusikia kama mtu anakanyaga majani makavu, toa makaa chini, yapandishe juu ya mfuniko, kaa ukunje mikono. Sikupata kujifunza jambo jingine lililonifaa kuliko hilo, na nilijifunza kwa kidole kilichovimba.

Vyombo msivibadilishe ovyo. Zile sufuria tatu kubwa nilizirithi kwake, na ile yenye mpasuko ukingoni ndiyo bora kuliko zote, inashika moto sawasawa. Makaa yanunueni mapema na kuyaweka pakavu. Mvua ikishika barabara za milimani, makaa hufika mjini yamelowa, na makaa mabichi hayajui kwamba Jumamosi kuna harusi. Mwiko uwe mrefu kuliko mkono wako mara mbili. Vitunguu vikatwe siku ileile.

Sasa kwa maharusi. Kadi mkiandika watu mia mbili, mwambieni mpishi mia mbili na hamsini, maana Bujumbura mtu akialikwa haji peke yake, huja na aliyekuwa naye nyumbani. Niliwahi kupika Gihosha kwa wageni mia mbili wakaja karibu mia nne, wengine wakiwa wametoka kwenye harusi ya jirani iliyoishiwa chakula. Sikuongeza maji kwenye pilau, na ninyi msiongeze kamwe. Nilituma watu wakanunue ndizi na kabichi, nikapika wali mweupe pembeni, nikasimama mwenyewe kupakua. Mgeni akijipakulia ana jicho kubwa. Akipakuliwa na mama mzima anayemtazama usoni, hutosheka upesi.

Jingine: mkishafunga ndoa, kwa sheikhe au kanisani, msiende ziwani kupiga picha saa tatu nzima. Ziwa lipo, halitahama. Chakula ndicho kinachoharibika. Na chagueni mzee mmoja tu wa kutoa mawaidha. Mkichagua watatu, wa pili atarudia ya wa kwanza na wa tatu atawasahihisha wote wawili, na mimi jikoni nitakuwa napunguza makaa kwa kila "kwa kumalizia" ninayoisikia.

Nanyi wageni, kadi ikisema wawili, ni wawili. Msije jikoni kuonja. Msimuulize mpishi nyama ziko wapi. Na msibebe chakula kwenye mkoba kabla upande wa pili haujala.

Basi, hayo yalikuwa rahisi. Sasa sahani.

Nilipoanza kupika kwa jina langu, Bi Mwajuma akiwa amezeeka, nilikuwa na seti moja ya sahani nyeupe. Niliwapikia Waislamu wa Buyenzi, nikawapikia pia Wakristo, na siku nisizopika nilizikodisha. Kuna Jumamosi moja zilikwenda kwenye karamu iliyokuwa na mishikaki ya nguruwe. Wiki iliyofuata mteja mmoja wa kwetu, mwanamke mwenye heshima zake, alishika sahani akaniuliza, "Hizi zilikuwa wapi Jumamosi?" Aliuliza kwa sauti, mbele ya watu. Nilikosa pa kuweka uso.

Nikanunua seti ya pili, nyeupe vilevile, na zile za zamani nikazipiga alama ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, chini, mahali pasipoonekana. Zenye alama zikawa za Wakristo. Zisizo na alama zikawa zetu. Kila seti na beseni lake la kuoshea. Kwa harusi za upande mmoja haikuwa na madhara, na wateja wangu wa Buyenzi walinisifu kwa usafi. Bi Mwajuma alikuja kunitembelea akageuza sahani moja, maana mpishi hawezi kushika sahani bila kuigeuza. Akauliza alama ni ya nini. Nilipomweleza, akasema, "Maji na sabuni havitoshi?" Nikamwambia wateja ndio wanaotaka. Akanitazama. "Wateja, au wewe?"

Nilikasirika. Sikumuuliza sheikhe pia, kwa sababu nilijua angenijibu neno moja tu: osha.

Ubaya ulianza nilipopata harusi za mchanganyiko. Huko hapakuwa na nguruwe. Nyama ilichinjwa na mtu wetu, nilipika mwenyewe, sufuria ni moja, mwiko ni mmoja. Lakini niliendelea kupanga sahani zangu: zenye alama upande ule, zisizo na alama upande huu. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Chakula kilikuwa hakina kasoro, kwa hiyo nilichokuwa nakitenga ni watu. Wakati ule sikuona hivyo. Niliita utaratibu.

Miaka tisa iliyopita Bi Salama wa Buyenzi alimwoza mwanawe Rashidi. Mumewe alikuwa muuza vipuri, familia ya siku nyingi, watu wakarimu. Bibi harusi alikuwa Furaha, binti wa mama mmoja Mkongo aliyevuka kutoka upande wa Uvira na watoto wake wakati wa matatizo, akakaa Mutakura, akiuza dagaa, tunaowaita ndagala, na vitenge. Mama Furaha alikuwa Mkristo wa kanisa la maombi. Furaha mwenyewe alikuwa ameshatamka shahada wiki mbili kabla ya harusi. Mama yake hakumzuia, ila lilimlemea, na ilionekana.

Siku mbili kabla ya harusi Mama Furaha alikuja jikoni kwangu, amejifunga kitenge kiunoni.

"Mi siwezi kukaa nyumbani naangalia saa," alisema. "Munipe kazi."

Nikampa vitunguu saumu. Nilidhani atachoka baada ya robo saa. Alimaliza ndoo nzima, akashika tangawizi, akatwanga huku akitusimulia jinsi mwalimu wa kwaya yao alivyolala kwenye ibada akaamka akiimba. Hadija alicheka mpaka akamwaga maji. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuwafukuza ndugu wa maharusi jikoni, lakini huyu nilitamani abaki. Tulikula pamoja mchana, mimi na yeye, sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sinia moja, mikono yetu ikigongana. Mnaona? Kwa sinia sikuwa na utaratibu wowote.

Jioni akaniuliza, akiwa hanitazami, "Dada, we unawajua hawa watu. Sisi ni watu wa kuja. Mutoto wangu atapendwa kule? Hawatamuita mukimbizi?"

"Bi Salama? Atampenda kama wa kumzaa," nilimwambia. "Naapa."

"Unaapa?"

"Wallahi."

Akafuta macho, akasema ni tangawizi.

Siku ya harusi kila kitu kilikwenda vizuri, na hilo ndilo linalonichoma. Pilau ilitoka punje moja moja. Mvua haikunyesha. Asubuhi niliwaelekeza wasichana wa jikoni jinsi ya kupanga meza: upande wa bwana harusi hizi, upande wa bibi harusi zile. Mmoja akaniuliza, "Na kwa bibi harusi mwenyewe?" Nakumbuka nilikuwa na mwiko mkononi na sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Si ni wa upande ule? Weka zile."

Watu walikula wakashiba. Mama Furaha, kwa mazoea ya siku mbili, aliinuka na sahani yake kuileta kuoshwa, ingawa alikuwa mama wa bibi harusi na amevaa vazi la kitambaa cha dhahabu. Akaitumbukiza kwenye beseni la karibu. Hadija, ambaye alikuwa anafanya kazi kama nilivyomfundisha, akamwambia kwa upole, "Apana humo, mama. Ile yenye alama inaenda kwa beseni lile."

"Alama gani?"

Hadija akamwonyesha. Hadija, usijilaumu. Nimekuandikia hapa mbele ya wote kwamba kosa halikuwa lako.

Mama Furaha alirudi ukumbini. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona akikusanya sahani za ndugu zake kama mtu anayesaidia kazi. Kila moja aliigeuza kidogo kabla ya kuipanga. Kisha akaenda upande wa Bi Salama, akakusanya mbili tatu, akazigeuza nazo. Kisha akapanda kwenye jukwaa la maharusi. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, akachukua sahani ya binti huyo, na alipofika mlangoni akaigeuza.

Akaja mpaka nilipo.

"Mama Rukia, hii alama ni ya nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Bi Salama alikuwa hatua kumi kutoka pale, anacheka na wageni. Ningesema sentensi moja tu: ni yangu, ni ujinga wangu, hawa watu hawajui. Badala yake nilisema, "Ni za kukodi. Ni alama ya mwenye sahani."

Yeye alikuwa ameniona nikizitoa kabatini kwangu siku iliyotangulia. Alijua kwamba zote ni zangu. Akasema taratibu, "We uliniapia." Aliiweka ile sahani mezani, polepole, ili isitoe sauti.

Aliwaaga watu vizuri, akawachukua ndugu zake wakaondoka kabla ya keki. Akufukuzaye hakwambii toka, na yeye alikuwa ameelewa hivyo: kwamba familia ya Rashidi imeagiza watu wake watengwe, na mpishi amekula njama nao. Bi Salama alinifuata jikoni, uso umembadilika.

"Mama Rukia, mukwe wangu amekasirika juu ya nini? Nimekosa nini mie?"

Nikacheka. Naona haya kuandika, lakini nilicheka. Nikasema, "Wakongo nao, wamezoea muziki. Wameona hapa hakuna wa kucheza." Akashika hilo kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minane. Zile sahani niliacha kuzipanga upande kwa upande kuanzia wiki iliyofuata, nikawaambia wasichana ni kwa sababu zinachelewesha kazi. Hata kujirekebisha nilijirekebisha kwa uongo. Nilisikia kwamba Mama Furaha hakanyagi kwa binti yake, kwamba anasingizia miguu. Nilisikia kwamba mtoto wa kwanza amezaliwa na bibi wa Mutakura hakuja. Kila niliposikia nilijiambia mambo ya wakwe huwa na mengi ndani, haiwezi kuwa sahani tu. Nilijua kuwa ni sahani tu.

Mwaka jana Bi Salama alifariki. Nikaitwa kupika chakula cha matanga. Mama Furaha alikuja, akaketi mwishoni mwa mkeka karibu na mlango. Chakula kilipopita alisema ameshakula. Furaha akampelekea mwenyewe, akapiga magoti na sahani mikononi. Mama yake akaficha mikono ndani ya kitenge na kusema, "Nimeshiba, mwanangu." Furaha akaja jikoni, akaweka sahani chini, akalia mbele yangu.

"Mama Rukia, wewe ulikuwa rafiki yake. Juu ya nini anachukia nyumba yangu? Mama mkwe amekufa anauliza hilo. Mpaka kitandani alikuwa anauliza: nilimukosea nini mama yako?"

Nilimpa maji anawe uso. Hata siku ile sikusema.

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne nikachukua pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikafuta alama zote, sahani moja moja, nikijua kabisa kwamba hilo halimsaidii mtu. Kisha nikaenda Mutakura, asubuhi. Niliyomwambia Mama Furaha siku ile, Furaha na mumewe pia wameshayasikia kutoka kinywani mwangu, kwa hiyo msihangaike kunitunzia siri.

Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, anachagua ndagala kwenye ungo, anatoa uchafu. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kibao. Sikukaa kwanza. Nilisema yote nikiwa nimesimama: sahani, rangi ya kucha, meza, bibi harusi, uongo wangu kwake na uongo wangu kwa Bi Salama.

Vidole vyake viliendelea kuchagua. Kisha vikaacha.

"Rudilia," alisema.

Nikarudia.

"Bi Salama hakujua?"

"Hakujua."

"Rashidi?"

"Hakuna aliyejua. Hakuna aliyeagiza. Ni mimi, jikoni kwangu."

Ndipo nikaketi.

"Furaha sikumwambia," alisema. "Ningemwambia, angelala namna gani ndani ya ile nyumba? Nilimeza mi peke yangu." Akatikisa kichwa. "Bi Salama alikuja hapa. Mara tatu. Mara ya kwanza alileta sukari na kitenge, nikamurudishia. Mara ya pili nilimuacha amesimama kwa jua. Mara ya tatu alibeba mutoto, anipe nimuone. Nilituma jirani aseme siko. Nilikuwa nyuma ya pazia, Mama Rukia. Nilisikia mutoto anacheka."

Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, nikayasema yote, na yote yalikuwa mepesi.

"Sawa," alisema. "We umekuja kuomba mi musamaha. Na mi, nitaenda kuomba nani?"

"Twende kwa Furaha," nilimwambia. "Twende leo, mimi na wewe, niseme mbele yake."

"Kwa Furaha nitaenda. Furaha iko." Aliweka ungo chini, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alinitazama machoni. "Mi nauliza juu ya yule mwenye alikuja mara tatu."

Nilibaki kwenye kile kibao, mikono magotini, na yeye hakuondoa macho. Alikuwa ananingoja nijibu.